Ziwa Lililobaki Jina

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Mbweni)



Nimeombwa niseme machache. Kazi yangu serikalini ni ya ardhi na ramani, lakini leo nitasema juu ya maji. Wengi wenu mmekuja hapa Mbweni kutoka Mjini. Aliyepandia gari Darajani amepita mahali palipokuwa bahari, na mguu wake haukurowa.

Ile tunayoiita sasa Barabara ya Benjamin Mkapa, zamani Creek Road, inafuata ukingo wa maji. Mji Mkongwe ulikuwa rasi, ikishikana na kisiwa kwa ukanda mwembamba upande wa kusini, penye Mnazi Mmoja. Bahari iliingia kwa kaskazini, upande wa Funguni, ikajaa nyuma ya mji mfano wa ziwa. Watu wakapaita Pwani Ndogo. Maji yakijaa ni ziwa, yakitoka ni tope.

Majina ya mitaa yalizaliwa hapo, wala hapakuwa na kamati iliyokaa kuyatunga. Mtu wa mjini alitazama upande wa pili akasema "ng'ambo", basi mji mzima wa udongo na makuti ukawa Ng'ambo. Palipojengwa daraja pakawa Darajani, na soko kubwa la mwaka 1904 likasimama karibu yake. Na Kisiwandui? Lisomeni jina hilo polepole: kisiwa, ndui.

Lakini maji yale yalitupiwa taka za mji. Livingstone alipokuwa Unguja mwaka 1866 alilalamika sana juu ya uvundo wa mji huu. Mbu nao walikuwa wengi, na ardhi ya kujenga ikitakiwa. Katika karne ya ishirini Pwani Ndogo ikafukiwa kipande kwa kipande. Upande wa kusini ukapatikana uwanja wa Mnazi Mmoja. Na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 hapakuwa na pwani tena.

Je, maji yamekwisha? Waulizeni waliocheza mpira Mnazi Mmoja siku za bamvua, maji ya chumvi yalipoingia uwanjani bila ya tone la mvua. Wahenga wamesema maji hufuata mkondo.

Na Ng'ambo pia haikwisha. Maji yalitenga nyumba za mawe na vibanda, mwenye nacho na asiye nacho. Yalipofukiwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu yake, lakini neno lilibaki, na wazee wetu waliambiwa "watu wa Ng'ambo" kwa sauti isiyokuwa ya heshima. Tope linafukika kwa kifusi. Dharau haifukiki hivyo; hiyo ni kazi ya skuli kama yetu, iliyowakalisha watoto wa pande zote mbili dawati moja.

Sasa nasema na nyinyi vijana. Mmesoma kwamba alfajiri ya 12 Januari 1964 kambi ya polisi ya Ziwani ilitekwa. Nani kati yenu ameuliza ziwa lenyewe liko wapi? Mwanakwerekwe tunalijua ziwa lake, maana masika limewahi kuvamia barabara kulidai haki yake. Lakini maziwa mengine madogo yamejengewa juu, na aliyenunua kiwanja hakuuliza jina la mahali. Akaja kushangaa maji yamemfika kitandani.

Ofisini kwetu tuna ramani nyingi, na hakuna hata moja inayomshinda bibi kizee aliyezaliwa mtaani. Jina la mahali ni hati iliyoandikwa midomoni, na mwenye hati hiyo akifa, imekwenda naye.

Basi ombi langu ni dogo. Likizo hii kila mwanafunzi achukue daftari, amwendee mzee wa mtaa wake, amuulize: kwa nini hapa panaitwa hivi, na maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi? Aandike, aliweke daftari hilo katika maktaba ya skuli. Siku moja mmoja wenu atakaa katika kiti changu, ataletewa karatasi ya kiwanja atie saini. Nataka awe analijua jina la mahali hapo kabla hajashika kalamu.