Shule bora ni ipi? Maneno yetu kwa vijana wa Pepa



Munajua matokeo ya Exetat yakitoka namna mambo inakuwa. Poda kichwani, filimbi, pikipiki juu chini. Kisha neno linatembea: "Ile masomo imepitisha batoto bote!" Wazazi wanakimbiza watoto kule, na mwaka unaofuata prime inapanda. Hivyo ndivyo shule ya Serikali inavyopata jina hapa kwetu. Kwa asilimia ya waliopita, basi. Asilimia ya nani? Hakuna anayeuliza.

Tupige hesabu kidogo, mfano tu. Shule moja imeandikisha watahiniwa 12, wote wamepita: asilimia 100. Jirani yake imeandikisha 60, wamepita 42: asilimia 70. Ya kwanza inashangiliwa, ya pili inachekwa. Lakini ile ya kwanza, miaka michache nyuma, darasa hilo lilikuwa na watoto 40. Wadhaifu waliambiwa watafute pengine mbele ya mwaka wa mwisho. Wengine walikosa pesa. Binti aliyepata mimba alirudi nyumbani na hakuna aliyemfuata. Wale 28 wako wapi? Pengine wengine wao ndio wamo kati ya wale 60 wa jirani, waliopokelewa bila maneno.

Na kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini, michango ya "kupokea" wasimamizi wa mtihani. Asilimia iliyonunuliwa sisi hatuipigii makofi.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule na wanafunzi walioongoza, likisema wanafunzi hawasomi katika mazingira sawa. Hoja ni ya kweli. Mtoto wa Marungu anayetembea na baridi ya asubuhi bila kitabu hashindani sawa na wa mjini. Lakini sisi hatuombi orodha ifichwe, juu ya kwetu kuficha ndiyo ugonjwa wenyewe. Tunaomba hesabu iwe nzima.

Inspekta abandike kwenye ukuta wa kila shule, ya Serikali na ya makanisa yenye mkataba na Serikali tangu 1977: wangapi walianza, wangapi walifika mtihani, wangapi walipita, mabinti wangapi kati yao. Na walimu wangapi wanalipwa na Serikali. Hiyo ya mwisho tunaikazia sana. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, madarasa yakajaa, lakini walimu wengi bado hawako kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu wa namna hiyo, mbele ya darasa lililofurika, akifikisha nusu ya watoto wake kwenye cheti cha msingi, amefanya kazi kubwa kuliko prefe wa mjini aliyechagua wanafunzi mmoja mmoja. Tusisahau pia shule za Tanganyika zilizochomwa wakati wa vita vya Watwa na Waluba. Shule iliyofungua tena milango baada ya hapo, utaipima kwa asilimia gani?

Na heshima yenyewe iwe ya maana. Tangu 2019 kuna bourse ya Excellentia kwa wanafunzi waliofaulu sana kwenye Exetat. Ni vizuri, lakini inamwondoa mtoto kijijini na kuacha shule yake bila benchi. Breve yenye muhuri haikaliwi. Shule iliyofanya vizuri ipewe mabati, vitabu, na walimu wake waingizwe kwenye orodha ya mishahara kwanza.

Kuanzia Jumatatu tutapita shule kwa shule hapa Pepa na daftari, tukiuliza maswali haya kwa adabu. Prefe atakayejibu, tutaandika majibu yake. Atakayekataa, tutaandika kwamba amekataa. Mwenye kalamu na mwenye pikipiki abaki hapa baada ya mkutano, tugawane njia.