Kila Mwanafunzi Aandike Kwanza: Kubunga Bongo kwa Vishikwambi na Tarakilishi

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu wa Sekondari Msingi, wakufunzi wa vyuo vya ufundi na wazazi)



Kila mwalimu anawajua wanafunzi watatu au wanne ambao huinua mikono kabla swali halijaisha. Anawajua pia wale ambao muhula hukatika bila sauti zao kusikika. Darasa likiambiwa litoe maoni, wale watatu huzungumza, mmoja huandika ubaoni na kipindi huisha. Yaliyo ubaoni huitwa maoni ya darasa zima, ilhali ni ya watu watatu tu. Mazungumzo haya yanawahusu wale waliosalia.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, una umilisi 7 wa kimsingi. Miongoni mwao ni kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu, na ujuzi wa kidijitali. Kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali ya kitaifa ilikuwa imeanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Shule nyingi basi zina kifaa cha aina fulani. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kukitumia ili kila mwanafunzi atoe wazo lake.

Kanuni za zamani, na kasoro yake

Kubunga bongo kama mbinu rasmi kulienezwa na Mmarekani Alex Osborn, aliyefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara. Kitabu chake Applied Imagination kilitoka mwaka 1953. Kanuni zake ni nne: wazo lolote lisikosolewe mapema, mawazo ya ajabu yakaribishwe, yatafutwe mengi kadiri iwezekanavyo, na wazo la mmoja liboreshwe na mwingine.

Kanuni hizo bado zinafaa. Kasoro iko katika kuzungumza kwa zamu. Mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake. Mawazo ya wale wa pekee yalipojumlishwa, yalikaribia kuwa maradufu ya yale ya kundi. Mwaka 1987, watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kuu: watu hawawezi kusema kwa pamoja, na anayesubiri zamu husahau wazo lake au hulitupa.

Tiba yake si kuacha kazi ya kundi. Tiba ni kuandika kwanza, kisha kuzungumza. Mwaka 1968, Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza mbinu ya watu 6, mawazo 3, dakika 5. Kila mtu anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, anampa jirani karatasi yake, naye jirani anaongeza mengine 3. Baada ya dakika 30, kundi lina hadi mawazo 108, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Kipindi kimoja cha dakika 40

Hapa ndipo kifaa cha kidijitali kinapokuwa na kazi. Ubao wa mtandaoni kama Padlet, au waraka wa pamoja wa Google, huwawezesha wanafunzi wote kuandika kwa wakati mmoja.

Mwalimu aanze na swali dogo linaloshikika. "Tatizo la maji" ni pana mno. "Tunawezaje kupata maji ya kunawa mikono karibu na vyoo bila kungojea mfereji urekebishwe?" ni swali linaloweza kujibiwa.

Kwa dakika 5, kila mwanafunzi aandike peke yake, kimya, bila kuonyesha jina. Asiyejulikana hachekwi. Kwa dakika 10 zinazofuata, kila mmoja asome ya wenzake na kuongeza jambo: anayeona "mtungi wenye tundu" aandike utafungwa wapi, anayeona "mabati ya paa" aandike maji yatakingwa kwa nini.

Dakika 10 nyingine ni za kupanga. Mawazo yanayofanana yasogezwe pamoja na kila fungu lipewe jina. Kisha kila mwanafunzi apige kura 3 kwa kuangalia vigezo vilivyotajwa wazi: gharama, muda, na vifaa vinavyopatikana karibu. Dakika zilizobaki ni za kuamua nani atajaribu nini kabla ya wiki kwisha.

Darasa lenye kishikwambi kimoja kwa wanafunzi sita lifuate mbinu ya Rohrbach kwa vijikaratasi, kisha karani wa kundi apige picha na kuziweka kwenye ubao wa pamoja. Stima ikipotea, daftari linatosha. Google ilifunga ubao wake ulioitwa Jamboard mwishoni mwa 2024, na walimu waliokuwa wakiutumia walilazimika kuhama. Programu huja na kuondoka, utaratibu hubaki.

Programu za akili unde, kama ChatGPT, zifunguliwe baada ya kura. Mwanafunzi akianza nazo, darasa zima hupata majibu yanayofanana, na yule wa nyuma hunyamaza tena. Zikija mwishoni, zinaweza kuulizwa ni kasoro gani zilizomo katika wazo ambalo tayari ni la wanafunzi.

Wazazi nao wajue haki yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kushughulikiwa. Majina na picha za wanafunzi visiwekwe kwenye ubao ulio wazi kwa umma.

Wazo lijaribiwe

Mfano uko karibu. Richard Turere alikulia kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako simba walikuwa wakivamia ng'ombe usiku. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya boma. Akaweka sanamu ya mtu. Simba wakagundua haitembei. Alipozunguka na tochi, aliona kwamba mwanga unaosogea unawatisha. Ndipo akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, zikawa zinamweka kwa zamu. Mwaka 2013, akiwa bado mwanafunzi, aliueleza ulimwengu kazi hiyo katika jukwaa la TED huko California. Lau angechekwa baada ya ile sanamu, taa zisingekuwako.

Kwa hivyo kipindi kisiishie kwenye picha ya ubao uliojaa mawazo. Mwanafunzi akiona wazo lake limepigiwa kura kisha likasahaulika, hujifunza kwamba kutoa maoni ni mchezo tu. Shule au chuo kichague wazo moja, lijaribiwe kwa wiki mbili, na matokeo yasomwe gwarideni, hata kama limeshindwa. Yale yasiyofaulu yaandikwe pamoja na sababu zake.

Hili ni jambo la wakazi wote. Katiba inataka ushirikishwaji wa umma, na mwanafunzi wa leo ndiye atakayeketi kesho kwenye kikao cha bajeti ya wadi, ambako mara nyingi sauti zilezile hutawala. Akizoea kuandika wazo lake, kusikiliza la mwenzake na kudai majibu, hatanyamazishwa huko kirahisi.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wiki hii, mwalimu achague swali moja dogo na awape wanafunzi wote dakika 5 za kimya.