Mazungumzo ya Filamu Redioni si Mchezo



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengine hulicheka, yaani mazungumzo ya redio juu ya filamu mpya, watu wanaozitengeneza, na matamasha zinapoonyeshwa. Wako wanaosema hayo ni mambo ya vijana wasio na kazi. Sisi twasema sivyo. Mtu anayekuonyesha wewe kwa ulimwengu ana nguvu juu yako, na asiyejua ameonyeshwaje hawezi kujitetea.

Tuanze na ya zamani. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Wakazipakia kwenye lori, wakazitembeza Afrika ya Mashariki. Sura zilikuwa zetu, fikira zilikuwa zao. Baadaye, katika miaka ya 1950, kijana Rashidi Kawawa alicheza katika filamu za Serikali ya kikoloni, kama Muhogo Mchungu. Kijana huyo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Basi nani atasema filamu ni mambo ya wahuni?

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, juu ya sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazompeleka Ulaya. Filamu hiyo ilihusisha ndege hizo na biashara ya silaha. Ikasifiwa sana huko nje, na mwaka 2006 ikashindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Mwisho wa Julai mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akailaumu katika hotuba yake, na watu wakaandamana Mwanza.

Twauliza: katika sisi tuliokasirika, na katika sisi tuliokubali, ni wangapi waliiona? Ni nini ndani yake kilichokuwa kweli, na ni nini kilichotiwa chumvi? Ulimwengu ulikuwa umekwisha kututazama na kutuhukumu, nasi tungali tukiulizana barabarani. Hasira ya mtu asiyejua alichotendewa haimshindi adui wala haimrekebishi rafiki.

Hapo ndipo redio inapohitajiwa. Filamu hutazamwa katika vibanda vya video na katika simu, na si kila mtu hufikiwa. Redio hufika mpaka kwenye shamba la pamba, mkulima akipalilia huku akisikia.

Wala tamasha la filamu si jambo geni kwa Msukuma. Baada ya mavuno Bagika na Bagalu hukutana uwanjani, kila kundi likacheza upande wake. Watazamaji wakikimbilia upande mmoja, ushindi umejulikana. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, ni uwanja wa namna hiyo: watu huleta kazi zao, hutazamwa, hupimwa, na bora hupewa tuzo. Ndugu yetu Amil Shivji alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaifanya filamu juu ya Zanzibar ya wakati wa kudai uhuru. Mwaka 2021 ilionyeshwa Toronto, Kanada, watu wakizungumza Kiswahili ndani yake. Je, habari hiyo ilifika kijijini kwako?

Tena, Steven Kanumba alikuwa mzaliwa wa Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi ndani yake mpaka Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Alipofariki Aprili mwaka huohuo, umati mkubwa ulimsindikiza kaburini Dar es Salaam. Lakini tujiulize: ni mara ngapi tumezungumza juu ya kazi yake, si juu ya kifo chake?

Njia tunayo, maana tumekwisha kuipita. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusikiliza kwa kupoteza wakati. Walisikiliza wapate kutenda.

Basi twaomba mambo matatu. La kwanza, tukae vikundi, wazee kwa vijana, kipindi cha filamu kinapotangazwa. La pili, tusikubali mazungumzo yaishie kwenye ndoa na magari ya wachezaji. Tupige simu, tuulize: nani kaitengeneza filamu hii? Kwa fedha za nani? Kwa lugha gani? Sisi tumeonyeshwaje ndani yake? Kuuliza si ujinga. La tatu, kijana wa kwetu mwenye kamera asichekwe. Aitwe redioni aeleze kazi yake, asifiwe panapostahili, akosolewe panapostahili.

Ndugu wananchi, sisi watu wa Simiyu twajua biashara ya pamba. Hutoka kwetu ikiwa ghafi, hurudi ikiwa nguo, nasi huinunua kwa bei ya mwingine. Hadithi zetu zisiende njia hiyo. Tuzisokote wenyewe, tuzifume wenyewe, na zikifumwa na mgeni, tuwe na macho ya kuona uzi uliooza.