Pikapu ya Petroli, Tela na Mlima wa Newala

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkorosho haumngoji dereva. Maua yakichanua na ubwiriunga ukaingia, salfa iliyolala Masasi kwa sababu pikapu imechemsha njiani haimfai mkulima wa Newala hata kidogo. Hasara ya ugonjwa huo inafahamika. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwamo watu kuhamishwa mbali na mashamba yao. Lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa zile kubwa. Kwa hiyo gari linalopandisha salfa si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la chama.

Mizigo mikubwa huchukuliwa na malori. Lakini kwa matawi ya mbali na kwa safari ndogo ndogo, pikapu ya petroli yenye tela nyuma yake bado ina kazi. Newala imekaa kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Masasi iko chini, kwenye takriban mita 450, katikati ya vilima vyake vya mawe. Pikapu hupanda na salfa na kushuka na korosho. Safari hizo mbili zina hatari mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, uzito. Itwae mfano pikapu ambayo yenyewe, pamoja na dereva, ina kilo 1,500. Imepakiwa mifuko 24 ya salfa ya kilo 25, yaani kilo 600. Tela tupu lina kilo 400 na limebeba mifuko 40, yaani kilo 1,000. Jumla ni kilo 3,500. Katika mwinuko wa mita moja kwa kila mita 12 za njia, uzito huo huvuta gari nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 290. Barabara ya vumbi huongeza nyingine 100 hivi. Kwenda mwendo wa kilometa 40 kwa saa katika mwinuko huo, magurudumu yanahitaji nguvu za farasi wapatao 58. Kwa mwendo wa kilometa 20, wanatosha 29.

Mtu atasema kwamba injini yake imeandikwa farasi 90, basi kuna taabu gani? Taabu ni kwamba hao 90 hupatikana injini ikizunguka kwa kasi yake ya juu, tena kwenye usawa wa bahari. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini ya petroli isiyo na kisukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja kwa mia ya nguvu zake kwa kila mita 100. Newala imekwisha kula sehemu saba kwa mia. Giaboksi na difu nazo hutoza ushuru wao. Katika wale 90 hubaki kama 70, ikiwa injini ni nzima. Iliyochoka hubakiwa na wachache zaidi.

Hapo ndipo dereva wengi wanapokosea. Hung'ang'ania gia kubwa, hukanyaga mafuta hadi sakafuni, na injini huguna kwa mzunguko mdogo huku ikigonga. Wanadhani wanaokoa petroli, kumbe wanaiua injini. Yafaa kuteremsha gia mapema, kabla gari halijachoka, na kuiacha injini izunguke kwa wepesi. Mwenda pole hajikwai. Na mlimani, anayepanda kwa kilometa 20 hufika kabla ya yule anayesimama kungoja rejeta ipoe.

Pili, afya ya injini. Vumbi la uwandani ni adui wa kwanza. Chujio la hewa lililoziba huinyima injini pumzi, na lililotoboka huingiza mchanga unaosaga silinda. Katika msimu wa kazi likaguliwe kila juma, na likichoka libadilishwe. Plagi zisafishwe, nafasi zake zipimwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na fundi aangalie wakati wa cheche. Cheche ikija mapema mno, injini hugonga mlimani.

Petroli nayo itazamwe inakotoka. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga na kupunguza nguvu. Udanganyifu huo ulienea hata Serikali ikaanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Chama kinunue kwenye kituo chenye stakabadhi, si kwenye chupa za kando ya njia.

Rejeta ioshwe nje, vumbi na wadudu watoke, na mkanda wa feni ukazwe ipasavyo. Mfuniko wa rejeta si kizibo tu. Hushika mgandamizo unaozuia maji yasichemke upesi. Kwenye mwinuko wa Newala maji yaliyo wazi huchemka kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo mfuniko wenye mpira uliochakaa ni mwanzo wa balaa. Tena usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Kuna desturi ya kuondoa themostati ili gari lisichemshe. Desturi hiyo ifichayo ugonjwa haifai, kwani injini isiyofikia joto lake hula petroli na kuchakaa upesi.

Tatu, tela lenyewe. Huko Marekani, ambako wenye pikapu huvuta vijumba vya magurudumu kwenda mapumzikoni, kanuni inayofuatwa ni kwamba sehemu 10 hadi 15 kwa mia za uzito wa tela zikalie ndoana ya gari. Kanuni hiyo haichagui mzigo. Tela la kilo 1,400 liweke ndoanoni kilo 140 hadi 210. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huinua mkia wa pikapu na kuyumba kama nyoka. Ukirundikwa mbele kupita kiasi, magurudumu ya mbele ya pikapu huwa mepesi na usukani hautii. Mifuko mizito ipangwe juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo, chini, na ifungwe.

Hapa pana hesabu inayosahauliwa. Zile kilo 140 za ndoanoni ni mzigo wa pikapu. Ikiwa imepakiwa kilo 600 mgongoni, kwa hakika imebeba 740. Kabla ya kupakia, katibu asome kibao cha mtengenezaji: pikapu inaruhusiwa kubeba kiasi gani, na kuvuta kiasi gani. Kikizidi, mifuko ishuke.

Matairi yajazwe upepo asubuhi, yakiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kamili. Tairi laini huongeza uzito wa kuvuta na hupata moto hadi likapasuka. Na kijana asishawishi chama kununua matairi makubwa kuliko yale ya asili kwa ajili ya urembo. Tairi kubwa ni sawa na gia kubwa: hupunguza nguvu ya kuvuta.

Nne, kushuka. Gari la kilo 3,500 linaloteremka mita 250 katika mteremko mkali huzaa katika breki joto linalokaribia kuchemsha debe zima la maji. Dereva akiegemea breki mfululizo, joto hilo huingia kwenye viatu, kisha kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yaliyozeeka huchemka, na yakichemka pedali hufika sakafuni bila gari kusimama. Korosho za msimu mzima, na roho za watu, huwa mikononi mwa mafuta yenye thamani ndogo kuliko gunia moja. Kwa hiyo gia ya kushukia iwe ile ile ya kupandia, injini ndiyo izuie gari, na breki zitumike kwa vipindi. Mafuta yake yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tela zito liwe na breki zake lenyewe. Abiria asipande juu ya magunia, hata akiwa mwanachama, hata akiwa mjumbe wa bodi.

Mwisho ni kazi ya katibu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, korosho hutoka chama cha msingi kwenda ghala kuu kabla ya mnada, na gharama ya njia hatimaye humwangukia mkulima. Ni hivyo kwa wanachama wa TANECU upande wa Newala na kwa wale wa MAMCU upande wa Masasi. Basi pikapu iwe na daftari lake: tarehe, kilometa, lita za petroli, mzigo uliobebwa, na kilichotengenezwa. Lita zikigawanywa kwa tani zilizofika, ukweli utaonekana. Ikiwa safari mbili za mzigo wa haki zinakula petroli zaidi kidogo kuliko safari moja ya kupindukia, daftari litaonyesha pia bei ya klachi iliyoungua, gasketi iliyopasuka na siku ambazo salfa haikufika.

Dereva anayesema "mifuko hii imezidi" asionwe mvivu. Anailinda mali ya chama. Mkutano mkuu ukiuliza fedha za matengenezo zimekwenda wapi, katibu aliyeandika daftari lake atajibu kwa tarakimu, na wanachama watakaa kimya wakisikiliza.