Kuuma na Kupuliza: Mguu Usiosikia na Mwendo wa Kila Siku

Naomba nianze na panya.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba panya huuma huku akipuliza. Mtu aliyelala haamki. Asubuhi ndipo anapoona damu kwenye shuka. Msemo huo tumeuhamishia kwa wanafiki, mpaka tumesahau kwamba wapo watu wanaoupata miilini mwao, neno kwa neno. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliofika kliniki wakiwa wameng'atwa na panya miguuni. Walikuwa wamelala usiku kucha bila kushtuka. Haikuwa kazi ya pumzi ya panya. Mishipa yao ya fahamu ilikuwa imeharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi, na nyayo hazikuwa na habari yoyote ya kupeleka kichwani.

Daktari mwingine alikutana na panya huyohuyo kabla ya hapo, katika ugonjwa mwingine. Paul Brand, mpasuaji aliyezaliwa India mwaka 1914, alikuwa akiwatibu wenye ukoma huko Vellore. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alipofuatilia alikuta vidole vingine vikiguguniwa na panya usiku, na dawa yake ikawa kumpa mgonjwa paka wa kwenda naye nyumbani. Lakini panya alikuwa sehemu ndogo tu ya habari. Kilichoharibu miguu zaidi ni kwamba mwenye ukoma hakuchechemea. Mimi na wewe tukipata lengelenge kisigino tunageuza mwendo bila hata kufikiri. Yeye aliendelea kukanyaga palepale, hatua baada ya hatua, mpaka ngozi ikafunguka. Brand alipohamia hospitali ya wenye ukoma ya Carville, Louisiana, aliyapeleka mafunzo hayo huko, na hatimaye yakawafaa sana wagonjwa wa kisukari. Alifunga miguu yenye vidonda kwa hogo, ile plasta ngumu tunayofungwa tukivunjika mfupa, ili uzito usambae unyayo mzima. Vidonda vilivyokaa miezi vikaanza kufunga.

Ninawapitisha huko kwa sababu wengi wenu, mkisikia kwamba fulani amekatwa mguu kwa kisukari, mnasema "sukari imemla mguu". Sukari haili mguu. Sukari hunyamazisha mguu, hukausha ngozi yake ikapasuka, na mara nyingi, ikisaidiana na sigara na presha, huziba mishipa ya damu inayoulisha. Kinachofungua ngozi ni kiatu, kokoto, maji ya moto, wembe, au hatua nyingi mno kwa siku moja.

Hilo la hatua ndilo lililonileta. Nawasemesha hasa ninyi mnaotembea: mnaosafisha maofisi alfajiri, mnaobeba mizigo maghalani, mnaosimama na bidhaa zenu soko la Jumapili pale stesheni ya Midi hapa Brussels, mnaokimbia Jumamosi katika bustani ya Duden. Mgonjwa wa sukari anaambiwa na daktari atembee. Akifa ganzi nyayo, mwingine anamwambia akae chini asije akapata kidonda. Ashike lipi?

Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliogopa. Mtu asiyesikia nyayo alishauriwa aendeshe baiskeli au aogelee, lakini asitembee sana. Baadaye uchunguzi ukaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka 2004 David Armstrong na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuhesabu hatua za wagonjwa waliokuwa katika hatari. Waliokuja kupata vidonda hawakuwa watembezi wakubwa. Walikuwa wakitembea kidogo kuliko wenzao, ila siku zao hazikufanana: leo wamekaa, kesho wametembea mno, keshokutwa wamekaa tena. Unyayo uliozoea kazi kila siku hujenga uvumilivu. Unyayo uliokaa wiki nzima kwenye kochi kisha ukashtukizwa na safari ndefu hauna cha kujikingia, wala hauna maumivu ya kumwambia mwenyewe asimame.

Namkumbuka mzee mmoja niliyemhudumia, dereva mstaafu, mtu wa Lubumbashi, nadhifu kupita kiasi. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kutoka nyumbani mpaka duka la mikate na kurudi. Mpwa wake akaolewa. Mzee akanunua viatu vipya vya ngozi, vyembamba mbele, akavivaa tangu saa nane mchana. Akacheza rumba mpaka usiku wa manane. Tramu zilikuwa zimekwisha, basi akateremka kwa miguu kutoka uwanja wa Altitude Cent mpaka sehemu ya chini ya mtaa wetu wa Forest, kule reli ilipo. Hakuumwa hata kidogo. Jumatatu mkewe alikuwa akikusanya nguo za kufua ndipo akaona doa kwenye soksi. Chini ya unyayo, nyuma ya kidole gumba, palikuwa na shimo la upana wa senti. Nililolishika zaidi ni swali lake, aliloliuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyesalitiwa: "Lakini mbona sikuumwa?" Alikaa na hogo miezi minne.

Ninyi wenyeji mnaijua hiyo Altitude Cent; imeitwa hivyo kwa sababu ipo mita 100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka pale kila njia ni mteremko. Mtaa wetu umekaa kwenye ubavu wa bonde la mto Senne, na kilima kina sheria zake kwa mguu. Ukipanda, uzito unahamia mbele, kwenye ule mto wa nyama nyuma ya vidole, ambapo vidonda vya kisukari hupenda kuanzia. Ukishuka, mguu unateleza ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha. Kiatu kinachokutosha dukani, ukiwa umesimama kwenye zulia, kinaweza kuwa kifupi katikati ya mteremko. Kwa hiyo kipime jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa umesimama, miguu yote miwili. Ndani pabaki sentimita moja hadi mbili mbele ya kidole kirefu, na vidole viweze kujitandaza bila kubanwa ubavuni. Usiongozwe na kusema "nahisi kinanikaa vizuri". Mguu uliokufa ganzi hupenda kiatu cha kubana, kwa sababu ndicho pekee unachokisikia.

Na kila unapokivaa, tia mkono kwanza. Si kutikisa tu. Ingiza mkono mpaka mwisho, upapase. Kokoto, kitufe cha mtoto, msumari uliochomoza kutoka kwenye soli: mkono wako bado unasikia, basi ufanye kazi ya mguu.

Kuhusu kutembea kwenyewe, nasema kwa uhakika: tembeeni. Kundi la kimataifa la mguu wa kisukari, IWGDF, katika mwongozo wake wa 2023, linasema kwamba mtu ambaye hatari yake ni ndogo au ya wastani anaweza kuongeza hatua 1000 kwa siku na huenda asidhurike. Mwenye hatari kubwa ni yule aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kiungo, au ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Yeye apange mwendo wake pamoja na wanaomtibu. Kwa wengine wote, ongezeni taratibu, hatua 1000 juu ya mlizozoea, mkae hapo, mtazame nyayo, ndipo muongeze tena. Ikitokea harusi, au matanga ya kusimama siku tatu, punguza siku inayofuata, na uende na viatu ulivyovizoea hata kama havifanani na suti. Najua ni jambo zito kumwambia mtu wa Kongo avae viatu visivyofanana na suti. Nalisema hivyohivyo.

Tatizo jingine liko ndani ya nyumba. Sisi huvua viatu mlangoni. Ni adabu na ni usafi. Lakini hatua nyingi za siku huchukuliwa nyumbani, peku au kwa kandambili, baina ya jiko na choo. Peku unakanyaga mfupa wa samaki. Kandambili nazo hazikulindi vidole wala kisigino. Tenga kiatu cha ndani, chenye soli na kinachofunika vidole, kisichotoka nje kamwe. Adabu itakuwa imebaki, na mguu pia.

Halafu kuna baridi. Umerudi kazini Januari, nyayo kama barafu, unaziegemeza kwenye radieta. Ngozi inaungua nawe unaona raha tu. Kadhalika chupa ya maji ya moto kitandani. Vaa soksi za sufi, acha radieta ipashe chumba. Maji ya kuoshea miguu yasizidi nyuzi 37, na yapimwe kwa kiwiko au kipimajoto, yasipimwe kwa mguu.

Waislamu mliomo humu mna nafasi ambayo wengine hawana: mara tano kwa siku mnaigusa miguu yenu. Mkipitisha kidole baina ya vidole katika udhu, tazameni pia. Kuna mpasuko? Weupe wa unyevu? Kisha kausheni hapo katikati, kwa sababu unyevu ukikaa huleta fangasi, na fangasi huwafungulia mlango vijidudu. Mafuta pakeni juu na kisiginoni, msipake baina ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwombe mwenzake. Mke wa yule mzee angeitazama miguu yake usiku uleule wa harusi kama angeombwa. Soksi ziwe za rangi hafifu, zibadilishwe kila siku, na zenye mshono mnene zivaliwe nje ndani.

Sugu isikatwe kwa wembe, wala isipakwe dawa za kuchoma zinazouzwa bila cheti. Iondolewe na mtaalamu wa miguu. Na isiachwe ikae, maana kutembea juu ya sugu ni kama kutembea na kokoto iliyoshonewa ndani ya ngozi. Ukiona weusi wa damu chini yake, kidonda kimekwisha kuanza.

Ipo hali moja ambayo kutembea kunakatazwa kabisa, na wengi huikosa. Mguu mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila jeraha, na maumivu ni kidogo au hayapo. Watu hudhani ni jongo, au wameteguka, wanafunga bendeji na kwenda kazini. Unaweza kuwa mguu wa Charcot, uliopewa jina la tabibu wa Paris aliyeeleza uharibifu wa aina hiyo mwaka 1868: mifupa inalainika na kuvunjika ndani huku mwenyewe akitembea juu yake, mpaka unyayo unageuka umbo. Hapo usimame siku hiyohiyo na kutafuta daktari. Hata bila uvimbe, ukiwa na kipimajoto cha ngozi na mahali pamoja pakazidi mahali pale pale pa mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 siku mbili mfululizo, punguza mwendo na upige simu.

Katika nchi hii msaada upo. Tangu 2005 Ubelgiji imetambua rasmi kliniki za mguu wa kisukari, ambamo daktari wa sukari, mpasuaji, muuguzi, mtaalamu wa miguu na fundi wa viatu hukutana juu ya mguu mmoja. Mwambie daktari wako wa familia akuelekeze huko, na uulize mutuelle yako, yaani bima yako ya afya, inalipia nini. Wala msidhani ni elimu ya Ulaya peke yake. Mwaka 2003 mradi wa Step by Step ulianza Tanzania na India; daktari na muuguzi wake walifundishwa pamoja, wakarudishwa kwao na vifaa, wakawafundishe wengine. Dkt. Abbas alikuwa miongoni mwa walioujenga. Na msaada huo usikome kidonda kikifunga; kinahitaji macho kuliko hata kilipokuwa wazi: takriban wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Sasa naomba mvue viatu na soksi. Tutapima kama miguu yenu bado inasikia; kipimo chenyewe kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa. Kaeni wawiliwawili. Anayepimwa afumbe macho, na kila akiguswa aseme tu "kulia" au "kushoto". Anayepima aguse ncha ya kidole kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi wa unyoya, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kugongagonga. Anza na gumba la kulia, kisha kidole cha mwisho cha kulia. Halafu gumba la kushoto na kidole cha mwisho cha kushoto. Malizia na cha katikati cha kulia, kisha cha kushoto. Kila kimoja mara moja tu, usirudie. Atakayekosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita asiondoke kabla hatujazungumza. Nitakuwa hapa mbele mpaka wa mwisho. Mama, wewe uliyekuja peke yako, njoo, mimi nitakupima.