Chuchu Zenye Vidonda: Namna ya Kumnyonyesha Mtoto bila Maumivu

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kibaha na Kisarawe

Sogeeni karibu na redio, na mwalimu aweke ubao mahali ambapo wote wanauona. Leo tutazungumza juu ya jambo linalowapata akina mama wengi siku za kwanza baada ya kujifungua, lakini hawapendi kulitaja mbele za watu. Jambo hilo ni vidonda vya chuchu.

Akina baba mlio darasani, msitoke nje. Somo hili ni lenu pia.

Mama anayenyamaza

Tumfikirie mama mmoja, tuseme yuko Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Amejifungua mtoto wake wa kwanza. Siku ya tatu chuchu zimechanika. Kila mtoto anaposhika titi, mama huuma meno kwa maumivu. Anaona haya kusema. Basi anachelewa kumnyonyesha. Matiti yanajaa na kuwa magumu, na mtoto anazidi kushindwa kuyashika. Ndipo mama mkwe anasema kwa huruma, "Mwanangu, pumzika kidogo. Tumpe mtoto uji mwepesi."

Mama mkwe ana nia njema, lakini uji huo una hatari. Tumbo la mtoto mchanga halijawa tayari kwa uji. Maji au kikombe kikiwa na uchafu, mtoto ataharisha. Tena titi lisiponyonywa, maziwa hupungua. Hivyo kidonda kidogo kama punje ya mtama kinaweza kumnyima mtoto chakula chake chote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kidonda hutoka wapi?

Wengine husema mtoto ana mdomo mkali. Wengine husema ngozi ya mama ni laini mno. Lakini mara nyingi sababu ni moja: mtoto ameshika titi vibaya.

Mkulima akishika mpini wa jembe vibaya, kiganja hutoka malengelenge. Je, hutupa jembe? La. Hubadili namna ya kushika. Na titi ni vivyo hivyo. Mtoto akishika chuchu peke yake, ulimi na ufizi huibana na kuisugua, na ngozi huchanika. Akichukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayoizunguka, chuchu hufika ndani kabisa ya mdomo, mahali palipo laini. Hapo haisuguliwi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haimo katika chupa. Dawa ya kwanza ni kumshikisha mtoto vizuri.

Namna ya kumshikisha mtoto

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

1. Mama akae vizuri, mgongo uegemee mahali. Asimwinamie mtoto.
2. Mtoto ageuzwe mwili mzima, tumbo lake liguse tumbo la mama. Kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja.
3. Pua ya mtoto ielekee chuchu.
4. Mama aguse mdomo wa mtoto kwa chuchu, asubiri mpaka mtoto afungue mdomo sana, kama mtu anayepiga mwayo.
5. Hapo amsogeze mtoto upesi kwenye titi. Mtoto ndiye apelekwe kwenye titi, si titi kupelekwa kwa mtoto.

Sasa tazama dalili nne. Mdomo umefunguka sana. Mdomo wa chini umegeuka nje. Kidevu kinagusa titi. Ngozi nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Dalili zote nne zikiwapo, mtoto ameshika vizuri.

Maumivu yakiendelea, usivumilie. Usimvute mtoto kwa nguvu, maana utachana ngozi zaidi. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, naye ataachia. Kisha anza tena.

Kidonda kikiwa kimekwisha kutoka

Endelea kunyonyesha. Anza na titi lisilouma sana, kwa sababu mtoto mwenye njaa hunyonya kwa nguvu zaidi mwanzoni. Titi likiwa limejaa na gumu, kamua kidogo kwa mkono kwanza ili lilainike.

Mtoto akimaliza, kamua matone machache ya maziwa, uyapake juu ya chuchu, uyaache yakauke kwa hewa. Usivae sidiria inayobana. Osha matiti kwa maji matupu unapooga, inatosha. Usitumie sabuni kwenye chuchu wala usipake spiriti. Vitu hivyo hukausha ngozi na kuipasua zaidi. Na wale wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto, wasiguse kidonda.

Maumivu yakizidi mpaka mama hawezi kumweka mtoto, akamue maziwa kwa mkono katika kikombe kisafi, amnyweshe mtoto kwa kikombe hicho. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha, tena mtoto aweza kuzoea chuchu ya mpira na kulisahau titi.

Labda mama ataona damu kidogo katika maziwa akaogopa. Damu hiyo ya kidonda haimdhuru mtoto. Lakini mama mwenye virusi vya Ukimwi ana jambo la kuangalia zaidi. Kidonda cha chuchu chaweza kuongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Aendelee kumeza dawa zake kila siku bila kukosa. Titi lenye kidonda asimnyonyeshe mtoto kwa muda. Alikamue ili maziwa yasikauke, maziwa hayo ayamwage, na mtoto anyonye titi zima. Aende kliniki siku hiyo hiyo.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Kuna mambo ambayo nyumbani hayatoshi. Nenda zahanati ukiona haya:

Titi limekuwa jekundu au linang'aa, ni la moto, lina sehemu ngumu, na mwili una homa. Usiache kunyonyesha wakati unakwenda kutibiwa, isipokuwa una virusi vya Ukimwi, kama tulivyosema.

Chuchu zinawaka moto hata baada ya kunyonyesha, na mdomoni mwa mtoto mna utando mweupe usiofutika. Hapo mama na mtoto watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja tu, mwingine atamrudishia ugonjwa.

Kidonda kina usaha, au umemshikisha mtoto vizuri kwa siku kadhaa na hakuna nafuu. Labda ulimi wa mtoto umefungwa kwa chini, na mganga atautazama.

Ndugu zetu wa Kibaha wanayo hospitali ya Tumbi. Mradi wa Kibaha ulianzishwa mwaka 1963 na Tanganyika pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Ulikuwa na shule, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya mahali pamoja. Waliouanzisha walielewa kwamba elimu na afya hutembea pamoja. Mwaka 1973 madarasa ya redio ya Mtu ni Afya yaliendeleza njia hiyo hiyo: watu walisikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kutenda. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kazi ya jamaa

Mama aliyejifungua hawezi kujiona namna mtoto alivyoshika. Anahitaji macho ya mtu mwingine. Bibi, mama mkwe, somo, mkunga: ninyi mnakaa naye siku zake arobaini za ndani. Tazameni zile dalili nne. Badala ya kupika uji wa mtoto, mpikieni mama chakula chake.

Na wewe baba, mkeo akisema anaumwa, usimwambie kwamba wanawake wote hupitia hayo. Mchukulie maji, chukua jembe lake siku hizo, na umsindikize zahanati.

Maneno ya kusoma na kuandika

chuchu, kidevu, mdomo, kukamua, kikombe, zahanati

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mama katika mfano wetu alinyamaza? Angemwambia nani?
2. Taja dalili nne za mtoto aliyeshika titi vizuri.
3. Kwa nini si vema kupaka sabuni au spiriti?
4. Katika kijiji chenu, nani atakwenda kumtazama mama aliyejifungua wiki hii?

Swali la nne msilijibu kwa maneno tu. Chagueni mtu kabla ya kuondoka darasani. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.