Nani Aliyeligeuza Ombi? Kuchunguza Maombi ya Nyuma ya Pazia Yanayoelekezwa Kwingine katika Programu-jalizi za WordPress



1. Utangulizi

Mnunuzi anajaza fomu kwenye tovuti ya duka, anabonyeza "Tuma", na kiduara kinazunguka bila kukoma. Msimamizi akiijaribu fomu hiyohiyo, inakubali. Nimelikuta tatizo hili kazini zaidi ya mara moja, na kila mara wa kwanza kulaumiwa alikuwa mnunuzi: simu yake mbovu, mtandao wake hafifu. Leo nataka kuonyesha kwamba kosa mara nyingi ni letu sisi tuliojenga tovuti.

2. Njia ya ombi

Programu-jalizi nyingi za WordPress hutuma maombi yasiyofungua ukurasa upya kupitia faili la admin-ajax.php. Faili hilo limo ndani ya folda ya wp-admin, ingawa huwahudumia hata wageni wasio na akaunti. Kabla ya kulishughulikia ombi, huamsha ndoano ya admin_init, ileile inayoamshwa kurasa za utawala zinapofunguliwa. Mkanganyiko huanzia hapo.

3. Vyanzo viwili vikuu

Cha kwanza ni ulinzi uliopita kiasi. Mtengenezaji huweka msimbo kwenye admin_init ili kila asiye msimamizi arudishwe ukurasa wa mwanzo. Nia yake ni njema, lakini msimbo huo hulikamata pia ombi la fomu. Seva hujibu 302, kivinjari hufuata kimyakimya, na kinachorudi ni ukurasa wa mwanzo mzima, wenye hali ya 200 kana kwamba mambo ni shwari. JavaScript iliyokuwa ikisubiri JSON hukutana na alama ya < na kukwama. Msimamizi haguswi na msimbo huo, ndiyo maana haoni kitu. Dawa yake ni kuuliza kwanza wp_doing_ajax(), iliyokuja na toleo la 4.7 mwaka 2016. Jibu likiwa ndiyo, ombi liachwe lipite.

Cha pili ni anwani. Mgeni yuko kwenye anwani yenye www, programu-jalizi inaita isiyo na www. Kwa kivinjari hizo ni asili (origin) mbili tofauti, na jibu huweza kuzuiwa. Hata ndani ya anwani moja, ombi la POST likikutana na 301 au 302 hugeuzwa kuwa GET, na data huachwa njiani. Tendo lililotajwa ndani ya data hiyo likipotea, WordPress hujibu 0 kwa hali ya 400. Kwa hiyo anwani itolewe na admin_url('admin-ajax.php'), isiandikwe kwa mkono, na mipangilio ya tovuti ilingane na anwani wanayoitumia wageni.

4. Hatua za uchunguzi

(a) Fungua dirisha la faragha. Jaribu kama mgeni, kisha kama mteja mwenye akaunti ya kawaida.

(b) Fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari, sehemu ya mtandao, kisha tuma fomu. Tafuta jibu la 301 au 302 na usome kichwa cha Location: kinakuambia ombi lilipelekwa wapi.

(c) Soma kichwa cha X-Redirect-By. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, wp_redirect() hukiweka, na programu-jalizi huweza kuandika jina lake humo. Kisipokuwepo, kagua kanuni za seva, hasa faili la .htaccess.

(d) Chanzo kikiendelea kujificha, zima programu-jalizi moja baada ya nyingine kwenye nakala ya majaribio, kamwe si kwenye tovuti inayohudumia watu.

Baada ya marekebisho, jaribu tena katika dirisha jipya, kwani kivinjari huweza kuhifadhi jibu la 301 na kukuonyesha kosa ambalo limekwisha kuondolewa.

5. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, msimbo wa fomu ukague response.redirected, na ombi likipotea njia, mtumiaji aambiwe kwa Kiswahili chepesi kwamba halikufika. Pili, tovuti yoyote isikabidhiwe kabla fomu zake hazijajaribiwa na mtu asiye msimamizi. Sisi huingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba, wateja wetu hubisha hodi. Tukabishe hodi nasi kabla ya kumlaumu mgeni.